Ghala limejaa, mlango wa nyuma umenyamaza

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa chama cha msingi huku Tandahimba. Mwezi wa nane tulifungiwa alamu isiyo na waya kwenye ghala letu: sensa mbili za milango, sensa tatu za kumwona mtu anayetembea, paneli yenye laini ya simu ofisini, king'ora nje, na rimoti mbili. Moja natembea nayo, nyingine inaning'inia msumarini pembeni ya paneli. Siku ya kukabidhiwa kila kitu kililia vizuri. Msimu ulipoanza na korosho zikaingia, mlango wa nyuma ukifunguliwa mara alamu inalia, mara hailii. Halafu usiku, saa nane saa tisa, inalia yenyewe. Mlinzi anazunguka haoni kitu. Wajumbe wa bodi wanasema tumepigwa. Mimi nataka kwanza nielewe: kile kidude kinaongeaje na paneli bila waya? Na ni kweli mwizi anaweza kukiziba mdomo kwa mashine?

Jibu: Katibu, sidhani kama mmepigwa. Mmefungiwa mfumo wa bei ndogo, ukajaribiwa ndani ya ghala tupu. Hiyo ni habari nyingine, ingawa najua hela inauma vilevile.

Chukua bisibisi ndogo ufungue kifuniko cha sensa ya mlango wa nyuma. Usiogope, hakuna umeme wa kumpiga mtu mle. Utaona betri, na ukingoni mwa bodi ya saketi kijichupa cha kioo kilicho chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ndani yake kuna ncha mbili za chuma zilizokaribiana sana. Kile kipande kingine kilichofungwa kwenye mlango wenyewe hakina kitu ndani ila sumaku. Mlango ukiwa umefungwa, sumaku inazivuta ncha zikagusana. Mlango ukifunguka, sumaku inakwenda na mlango, ncha zinaachana. Pitisha sumaku karibu ya kijichupa pakiwa kimya utasikia "tik" ndogo. Ufundi huo wa swichi wa sumaku ulibuniwa mwaka 1936 katika maabara za Bell kule Marekani, na mpaka leo viwanda vinaendelea kuutumia kwa sababu hauna mengi ya kuharibika.

Muda wote huo sensa imelala usingizi mzito. Inakunywa umeme wa maikroampia chache tu, ndiyo maana betri moja inaweza kumaliza mwaka na zaidi. Ile "tik" ndiyo inayoiamsha. Sasa tafuta kwenye bodi kikopo kidogo cha chuma, mara nyingi cha duara, na mara nyingi kimeandikwa namba yenye 433 ndani yake. Hicho ndicho kinachoipa transmita, yaani kitumaji cha sensa, sauti yake: kinaifanya itetemeshe umeme mara milioni 433.92 kwa sekunde, na mtetemo huo unatoka kwenye antena ukiwa wimbi la redio. Ni redio ileile unayoijua, tofauti ni masafa. Stesheni za FM mnazosikiliza ziko kati ya megahezi 88 na 108. Sensa yako iko 433.92. Zipo mifumo za 868 zilizotengenezewa soko la Ulaya, na zipo za 315 zilizotengenezewa Marekani, ambazo wakati mwingine watu huletewa na ndugu zao kama zawadi. Sensa ya 315 haitasikika kamwe kwenye paneli ya 433, hata ukiziweka meza moja.

Lakini wimbi tupu halisemi kitu. Sensa za bei ya yako husema kwa kuwasha na kuzima wimbi hilo haraka haraka, mawasho marefu na mafupi, kama wavuvi wanavyoashiriana kwa tochi usiku. Ukiona chipu nyeusi yenye miguu minane imeandikwa EV1527, basi kila tamko la sensa yako lina alama 24. Alama 20 za kwanza ni jina la sensa, ambalo kiwanda kimelichoma humo: kuna majina 1,048,576 yanayowezekana, kwa hiyo si rahisi ugongane na jirani. Alama 4 zilizobaki ndizo ujumbe. Tamko zima linachukua kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kisha sensa inalirudia mara kadhaa. Paneli nayo siku ya kufungiwa ilifundishwa majina: huyu ni mlango wa mbele, huyu wa nyuma. Ikisikia jina isilolijua, inapuuza.

Kwa nini irudie? Kwa sababu sensa hiyo haina masikio. Ina transmita tu, haina risiva. Inasema, inarudi kulala, na haijui kama kuna mtu aliyesikia. Sensa mbili zikisema kwa pamoja maneno yanavurugana, kwa hiyo kila moja inarudia ikitumaini kwamba angalau tamko moja litafika salama. Naomba ulishike hilo la kukosa masikio, nitalirudia.

Sasa twende ghalani kwako.

Nguvu ya transmita hizi ni ndogo sana. Kule Ulaya kanuni za masafa haya ya 433 zinaruhusu miliwati 10, yaani sehemu moja ya mia ya wati, na nyingi za bei nafuu hazizidi hapo. Balbu ya LED ya wati 10 inatumia mara elfu moja ya hiyo. Kwenye boksi wameandika mita 100, na hawakudanganya, ila mita hizo ni za mahali peupe, tuseme katikati ya uwanja wa Nangwanda Sijaona siku isiyo na mechi. Hata hapo peupe, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inayofika inabaki robo. Ukiweka ukuta wa tofali, unapungukiwa tena. Ukiweka bati, hapo ndipo pagumu, kwa sababu chuma hakimezi wimbi bali kinalirudisha lilikotoka. Katika ghala la mabati wimbi hudundadunda kama sauti ya mtu anayeita kisimani, na kuna sehemu ambapo mawimbi yaliyodunda yanakutana na kufutana. Ndiyo maana utasogeza sensa sentimita 20 tu na paneli ikasikia kana kwamba umebadilisha kifaa. Wimbi la 433 lina urefu wa sentimita 69, kwa hiyo hatua fupi kama hiyo si ndogo kwake.

Mwezi wa nane ghala lako lilikuwa na hewa tu kati ya mlango wa nyuma na ofisi. Leo lina magunia juu ya chaga mpaka karibu na dari. Korosho, hata ikianikwa ikakauka na kupita kwa mpimaji wa ubora, inabaki na unyevu ndani yake, na maji hunyonya mawimbi ya redio. Gunia moja si kitu. Safu kumi za magunia ni ukuta ambao haukuwepo siku ya majaribio, na ukuta huo unasogea kila gari linapopakia. Ndiyo maana mara inalia, mara hailii: inategemea mnada umebeba mzigo wa upande gani. Kwa hiyo hata alamu ya bei kubwa ijaribiwe ghala likiwa limejaa, maana huo ndio wakati mna kitu cha kuibiwa.

Nina shaka pia na mlango wenyewe. Kama ni wa chuma, na fundi ameibandika transmita moja kwa moja juu ya chuma, amemkaba koo mwimbaji. Antena ya sensa hizo ni waya uliosokotwa ndani ya kasha. Robo ya wimbi ingekuwa sentimita 17 hivi ikinyooshwa. Ikilala juu ya chuma inapoteza masafa yake na nguvu nyingi inaishia hapohapo. Tiba yake ni rahisi. Kwenye mlango ibaki sumaku tu, na kwenye fremu ufungwe swichi mnene wa mlango wa chuma, ule wenye waya wake. Sensa nyingi zisizo na waya zina vishikio viwili vya skrubu ndani kwa kazi hiyohiyo: unaunganisha swichi kwa waya wa mita mbili tatu, na transmita yenyewe unaipandisha juu, kwenye boriti ya mbao, mbali na bati na juu ya usawa wa magunia. Gharama yake ni waya na nusu siku ya fundi.

Na paneli? Angalia imekaa wapi. Hapa nikiri langu. Miaka ya mwanzo nilimfungia mama mmoja mwenye duka la jumla pale Lindi mjini. Akaniambia wezi wasiione paneli, nami kwa ujanja wangu nikaiweka ndani ya kabati la chuma la mafaili, nikafunga kwa kufuli. Tukajaribu mlango wa kabati ukiwa wazi, vyote vikaitika. Nikafunga kabati, nikakusanya vifaa, nikala wali kuku kwake, nikaondoka. Kesho yake asubuhi amefungua duka zima, milango minne, na alamu haijasema neno. Nilikuwa nimeifungia risiva ndani ya sanduku ambalo wimbi haliingii. Yule mama mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza kama bado nafunga alamu makabatini.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, Katibu, zaidi ya magunia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Alamu isiyo na waya inaishi ndani ya kimya. Katika siku nzima ya saa 24 sensa ya mlango wa nyuma inaweza kusema kwa sekunde chache tu. Muda mwingine wote paneli haisikii kitu. Je, kimya hicho kina maana kwamba mlango umefungwa? Au betri imekufa? Au magunia yameziba njia? Au mtu ameing'oa sensa akaitia mfukoni? Paneli ya kwako haiwezi kutofautisha. Kwake kimya ni amani.

Mifumo mizuri zaidi hufanya kinyume. Kila sensa, hata kama mlango haujaguswa, huamka baada ya muda uliopangwa, dakika kadhaa au saa moja kulingana na aina, na kutuma salamu: nipo, betri yangu iko hivi, kifuniko changu hakijafunguliwa. Paneli inaweka daftari la mahudhurio. Sensa isipoitika kwa muda uliowekwa, inakuandikia kwamba mlango wa nyuma haupatikani. Zile za njia mbili zina masikio pia: sensa ikisema, paneli inaijibu "nimekusikia", na isipojibiwa sensa inarudia, au inapandisha nguvu, au inahamia masafa ya pembeni. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia. Usidanganywe na sauti ya king'ora wala kioo cha kugusa.

Unaweza kuupima mfumo wowote bila kuwa fundi. Toa betri ya sensa moja jioni, nenda zako, urudi kesho. Kama paneli haijakuambia kitu, na wewe hukupokea ujumbe, umeshajua unachomiliki. Na kabla ya kununua mwingine, muulize muuzaji swali hilohilo: nikitoa betri, nitaambiwa baada ya muda gani? Akianza kukuonyesha rangi za rimoti, aga. Muulize pia kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kuwa transmita ni transmita hata ikiwa ndogo kama kiberiti.

Kuhusu mwizi na mashine: ndiyo, inawezekana. Risiva inasikiliza masafa mamoja, na mtu akiyajaza kelele masafa hayo, sauti ndogo ya sensa inazama, kama unavyoshindwa kumsikia mwenzako spika za harusi zikipiga. Paneli nzuri hutambua kelele inayokaa muda mrefu kuliko kawaida na kuihesabu kuwa ni hatari. Yako, kwa maelezo uliyonipa, nadhani itaiona kama kimya kingine. Ila nikueleze nilichokutana nacho mimi kazini huku kusini: mwizi mwenye mashine ya kuziba masafa sijawahi kumwona. Niliyemwona ni yule anayefungua mabati ya paa kwa nyundo, anateremka kwa kamba, na hagusi mlango hata mmoja. Kwa huyo sensa za milango hazina habari. Zinazomhusu ni zile tatu za mwendo.

Ninachokiogopa zaidi kwenye mfumo wako ni rimoti. Fikiria: kama mtu atarekodi tamko la sensa ya mlango na kulirudisha hewani, atapata nini? Atailiza alamu, basi. Lakini rimoti inatuma neno moja lenye thamani, nalo ni "zima". Ikiwa rimoti yako inatuma namba ileile kila siku, aliyeinasa mara moja anao ufunguo. Kuna rimoti zinazobadilisha namba kila unapobonyeza: ndani yake kuna kihesabio kinachopanda, kinafichwa kwa ufunguo wa siri, na paneli nayo inafuata hesabu. Namba ya jana ikirudi leo, inakataliwa. Mojawapo ya mifumo maarufu ya namna hiyo, KeeLoq, haikutoka Ulaya wala Marekani. Ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, na baadaye ikauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip. Wataalamu wameshaonyesha udhaifu wake, lakini hata hivyo iko mbali sana na namba isiyobadilika. Kama paneli yenu inakubali kuzimwa kwa tarakimu kwenye vitufe vyake, zifuteni rimoti zote mbili na mtumie tarakimu.

Kulia kwa saa nane usiku sasa. Sensa ya mwendo haitumi kitu chochote chumbani, inatazama tu joto. Ile plastiki nyeupe yenye mistari mbele yake ni lenzi nyingi ndogo, zinazokigawa chumba katika vipande kama vijiti vya feni ya mkono. Kitu chenye joto tofauti na nyuma yake kikivuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine, sensa inashtuka na kuiambia transmita yake iseme. Inachojali ni ukubwa wa kitu machoni pake, si ukubwa wake wa kweli. Mwezi wa nane paka aliyepita sakafuni alikuwa mita sita kutoka kwenye sensa, mdogo. Leo magunia yamempandisha. Anatembea juu yake akiwa mita moja usoni mwa lenzi, na pale yeye ni mkubwa kama mtu. Popo vilevile, wakiingia kupitia upenyo wa paa. Panya hapendi korosho yenye ganda, mafuta yake yanamchoma, lakini kupita juu ya magunia anapita. Kabla hujaita fundi, panda ngazi mchana uangalie kama kuna kinyesi cha popo juu ya magunia yaliyo karibu na sensa. Ukikipata, ziba upenyo, na usipange gunia ndani ya mita mbili mbele ya lenzi.

Kuna na upande wa pili wa joto ambao watu hawauzungumzi. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 au 34 hivi. Mchana wa mwezi wa kumi na moja, chini ya bati, hewa na ukuta wa ghala vinaweza kufika hapohapo, na mtu akipita sensa haimwoni vizuri kwa sababu hatofautiani na kilicho nyuma yake. Usiku kwenu Makondeni kunapoa, kwa hiyo usiku iko macho. Lakini msiitegemee saa nane mchana siku ya Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa.

Na unapoijaribu, kumbuka kwamba sensa nyingi za mwendo zisizo na waya zikishasema mara moja hulala kama dakika tatu kuokoa betri, na kila anayepita mbele yake ndani ya muda huo anaurefusha usingizi huo. Watu wanapitapita mbele yake, haiitiki, wanasema mbovu. Tokeni nje, ngojeni dakika tano, kisha aingie mtu mmoja.

Safari ya mwisho ya ujumbe ni kutoka kwenye paneli kuja kwenye simu yako, nayo pia ni redio, ya mtandao wa simu. Hapo ugonjwa ni wa aina nyingine: laini imeishiwa salio, au kifurushi kimeisha muda. Weka jina la mtu mmoja ofisini wa kuiongezea salio kila tarehe mosi. Na betri ya akiba ndani ya paneli, kama ni ile ya volti 12 na ampia-saa 7, paneli ikitumia miliampia 150 inadumu kama saa 46 kwa hesabu za karatasi. Betri iliyopikwa na joto la bati mwaka mzima haifiki nusu yake. Zima umeme wa ukutani saa moja jioni, uone kama saa mbili asubuhi paneli bado iko hai.

Ningeanza na lile la mlango wa nyuma, swichi wa waya na transmita juu ya boriti, wiki hii kabla mzigo mwingine haujaingia. Mkibaki na hela, waambie wajumbe wa bodi wafikirie mfumo wa njia mbili kwa msimu ujao. Ile rimoti ya msumarini usingoje bodi, itoe leo.